Milango ya Minyoo na Mbuzi wa Dada Kemuma

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua. Tope mpaka kwenye vifundo. Nimeamka mtu wa kawaida, nalala daktari.

Imetokea hivi. Dada Kemuma alikuja asubuhi kuuliza kama Bravin amepita. Bravin ni kijana wa mifugo, ana diploma, pikipiki, na gambuti nyeupe za mpira. Gambuti nyeupe, hapa Birongo, mwezi wa Mei! Nikamwuliza anamtakia nini. Akasema mbuzi wake Madam hana hamu ya majani, manyoya yamesimama, anaona ni minyoo.

Minyoo! Anamtafuta Bravin kwa sababu ya minyoo, na mimi nduguye wa tumbo moja nimeketi hapa nakunywa chai!

Nikamketisha. Nikamkumbusha Nairobi. Niliacha shule kidato cha pili kwa kuwa ilikuwa inanichelewesha, nikaingia moja kwa moja kwenye maabara ya maprofesa. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kuosha vyombo. Kazi yangu ya kweli ilikuwa sayansi. Kila asubuhi nilienda kichinjio cha nguruwe na themosi, narudi nayo imejaa minyoo hai, wenye joto lao kama maziwa ya mtoto. Profesa anampasua mmoja, anakata kipande cha msuli, anakitundika kwenye ndoano ndani ya maji ya chumvi. Tone moja la dawa. Msuli unajikunja, na kalamu ya mashine inachora mlima.

Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia seli za msuli wa mnyoo zina milango midogo, midogo hata macho hayaioni. Mlango ukifunguka, chembe za chumvi zinaingia na umeme wake, msuli unakaza. Ukifungwa, unalegea. Mnyoo anafungua na kufunga kwa mpango wake, ndivyo anavyotembea. Sasa dawa inakuja kama mgeni asiye na adabu. Inafungua milango na kukataa ifungwe. Mnyoo anakakamaa kama ubao, anashindwa kujishikilia tumboni, anatoka na kinyesi, safari njema. Milango ya mbuzi ina umbo lingine, ndiyo maana yeye anabaki amesimama.

Dada alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akauliza sasa yeye atafute nini huko nje, na daktari yuko kwao.

Bitutu, mke wangu, alikuwa anamenya ndizi. Akasema kuosha chupa ya dawa si kujua dawa. Wivu tu.

Niandike pia kwamba Madam si mbuzi wa mchezo. Ni wa maziwa, wa kikundi cha akina mama. Anayepewa mbuzi humtoa mtoto wa kike wa kwanza kwa mama anayefuata kwenye zamu. Mpaka siku hiyo mbuzi si wako, na akikufia mkononi una deni la mbuzi. Madam ana mimba kubwa. Anakutazama kama naibu wa mwalimu mkuu.

Jumanne, 6 Mei

Kisii mjini, kwenye agroveti ya Shariff, duka la dawa za mifugo. Nilimwambia nataka ile ya kukakamaza, si ile ya kulegeza. Nilitaka ajue anaongea na nani. Akaniita bwana mkubwa. Halafu akaharibu yote kwa kuuliza uzito wa mbuzi. Nikasema mbuzi wa kadiri.

Mkewe Janat akainua macho kutoka kwenye maboksi. Akasema kwa adabu yote kwamba mbuzi wa kadiri hajawahi kuonekana hapo mjini, mzee wangu, nenda ukampime. Akasema dozi ikipungua mnyoo hafi, anaonja tu. Nikacheka. Nilimweleza habari za milango. Akasema mashallah, nenda ukampime.

Sawa. Nimenunua chupa, nitampima. Mtu wa sayansi haogopi mizani.

Jumatano, 7 Mei

Ushindi! Wazo limenijia nikiwa naoga. Mizani iko wapi Birongo? Kituo cha majani chai!

Nikamvuta Madam mpaka kituoni. Foleni ya akina mama na magunia yao ya majani mabichi, wote wananiangalia. Karani ni Ogari, tulisoma naye. Alikataa. Nikamwambia ni utafiti. Akakubali. Tukamtia Madam kwenye gunia la majani, kichwa nje, tukamtundika kwenye ndoano. Akazunguka taratibu, akiangalia foleni yote kwa zamu kana kwamba anaandika majina ya wachelewaji.

Ogari akasoma kilo. Halafu kwa mazoea ya kazi akasema toa gunia. Nikatoa gunia. Akasema toa maji, leo vyote vimeloa. Nikatoa maji. Mama mmoja akalalamika kwamba siku hizi hata mbuzi anakatwa kilo. Kituo kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona mwanga. Majani mabichi yanakatwa ili ubaki uzito wa haki. Je, mbuzi mbichi?

Nyumbani nikaendelea kukata mwenyewe. Nikatoa pembe, maana dawa haiendi kwenye pembe. Nikatoa kwato. Nikatoa watoto walio tumboni, hawajala jani hata moja, minyoo wangewatoa wapi? Nikatoa majani aliyokula asubuhi, hayo ni mali ya shamba. Nilipomaliza, Madam alikuwa na uzito wa mbwa wa wastani. Nikapima dozi ya mbwa wa wastani. Akainywa bila neno.

Na tazama baraka: chupa ilibaki karibu nzima! Nikazunguka nyumba zote za kikundi, nikanywesha kila mbuzi, baada ya makato. Bure. Sikuchukua hata yai. Moyo wangu ndivyo ulivyo.

Ijumaa, 9 Mei

Madam anakula. Dada ameniletea chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Njiani watu wawili wameniita daktari, na mmoja hata hakuwa analeta mzaha.

Nilikutana na Bravin darajani. Akashuka kwenye pikipiki, akanisalimia mzee. Mzee! Mimi! Akauliza nimetumia dozi gani. Nikasema ya uzito, baada ya makato. Akauliza makato ya nini. Nikamweleza. Akaomba tu apite amtazame Madam, hatatoza kitu. Nikamwambia dada yangu hana haja. Dada sikumwuliza. Niliona si lazima.

Diploma haifundishi kila kitu.

Jumapili, 11 Mei

Mkutano wa kikundi kwa dada. Niliomba nafasi ya kuelimisha. Maneno matupu yanachosha, kwa hiyo nikafanya onyesho. Akina mama wawili wawili wakashikana mikono, wakawa milango. Wengine wakawa chembe za chumvi. Hakuna aliyekubali kuwa mnyoo. Nikalala mimi mwenyewe kwenye nyasi. Nikapaza sauti, dawa imeingia, fungueni! Milango ikafunguka, chumvi ikanijia kwa vicheko, nikakakamaa kuanzia shingo mpaka vidole. Niliviringika mpaka kwenye shina la mgomba. Makofi!

Wakanipitisha kuwa daktari wa kikundi. Dada alikuwa anapangusa machozi ya kucheka, akimwambia kila aliye karibu kwamba mimi ndiye niliyemlea yeye, mama yetu alipofariki. Bravin alikuwa ameketi nyuma na chai yake, bila mkate. Nakiri nilifurahi alivyoukosa ule mkate.

Jumatano, 14 Mei

Madam ana uvimbe chini ya taya. Laini. Ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Dada aliniita, akauliza kama sasa amwite Bravin.

Nikasema ni mafuta. Mwanamke mwenye mimba huota kidevu cha pili, nikamkumbusha shangazi yetu alivyokuwa na mtoto wake wa mwisho. Dada akacheka kidogo. Akasema kama ni mimi nasema, basi.

Kuna kitu kilinichoma kifuani alipolitamka hilo. Nikakinywea chai. Nimekula, nimesali, bado kipo.

Ijumaa, 16 Mei

Madam amelala chini tangu asubuhi. Nimempa dozi ya pili. Kwa kuwa amekonda, uzito umeshuka, na dozi pia nimeishusha. Hesabu ni hesabu.

Bitutu alisimama mlangoni mwa zizi akiniangalia. Hakunitania. Alisema tu, taratibu, mwite yule kijana, baba. Nikasema kesho kukicha bila nafuu. Yeye akasema kesho ni Sabato. Nikasema basi Jumapili.

Ninaandika haya na nashindwa kuelewa kwa nini nilisema Jumapili.

Jumamosi, 17 Mei

Bravin alikuja akiwa na suti ya kanisani. Bitutu ndiye aliyemwita, alimtumia ujumbe ibada ikiendelea. Akapiga magoti kwenye mavi na suti yake, akalishusha kope la Madam. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Mimi nilikuwa sijawahi kutazama ndani ya kope. Nilifikiri minyoo ni mambo ya tumbo.

Akasema hawa ni wanyonyaji wa damu. Ule uvimbe wa taya ni maji, damu ikipungua sana maji hukosa wa kuyashika. Akachoma sindano, akanywesha dawa nyingine, ya aina nyingine. Hakuwa na haraka ya mtu mwenye matumaini.

Nilimvuta nyuma ya zizi. Nikamwuliza milango imekwendaje, mbona nilimpa dawa yenyewe. Alikuwa na nafasi ya kunipiga na maneno, hakuitumia. Aliniambia ninachokijua kuhusu milango ni kweli kabisa. Lakini dozi ndogo inafungua michache. Minyoo dhaifu wanaanguka, mbuzi anapata nafuu siku mbili tatu, mtu anafurahi. Wenye nguvu wanajishikilia, wanaendelea kunyonya. Na wengine milango yao ni migumu kufunguka tangu kuzaliwa, hao ndio wanabaki kutaga mayai kwenye nyasi peke yao. Sasa nyasi za kikundi chote zinaweza kujaa watoto wa hao, mzee, na dawa ile itakuwa kama maji kwao.

Hata ile mzee haikuniuma. Nilikuwa nawaza wale mbuzi wote niliowanywesha, bure, kwa moyo wangu mwema.

Madam alikufa kabla ya watu kutoka ibada ya mchana. Na watoto tumboni. Nilimshika kichwa. Hakuwa ananitazama kama naibu wa mwalimu mkuu tena. Alikuwa anatazama ukuta.

Dada alikaa kwenye debe lililogeuzwa. Nikaanza kusema kuhusu Ogari na mizani yake. Akainua mkono.

"Onsongo. Jumatano ningemwita Bravin. Nilingoja kwa sababu ni wewe."

Alikwenda kutafuta jembe, nikamnyang'anya jembe.

Jumapili, 18 Mei

Tulimzika nyuma ya migomba. Jirani alinong'ona kwamba nyama ingeliwa. Tukaendelea kufukia.

Akina mama walikuja. Yule anayefuata kwenye zamu alikuja na kamba mpya aliyokuwa amenunua kwa ajili ya mtoto wa Madam. Aliificha chini ya leso alipoona kaburi. Niliiona.

Mwenyekiti akauliza mbuzi ameuawa na nini. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, makato, pembe, kwato. Dada alinitazama, akanionyesha kwa macho niketi. Akasema ni minyoo. Kweli ni minyoo. Akasema deni analijua, atalilipa, wampe muda. Wakasema sawa, kwa sauti ya watu wanaojua hana.

Nikaketi. Angenivua nguo mbele yao ingekuwa afadhali.

Mchana Bravin alizunguka kuwanywesha mbuzi wote upya. Nilimbebea mkoba. Anawapima kwa utepe, anauzungusha kifuani, anasoma. Hatoi kitu. Mbuzi wawili kope zao zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Anasema ataweza, wamewahiwa. Kila nyumba waliniambia karibu daktari, na kila mara Bravin alijishughulisha na utepe wake, akijifanya hajasikia. Kijana ana heshima. Gambuti zake nimeziosha mimi jioni. Ni gambuti nzuri.

Jumanne, 20 Mei

Sikumwona asubuhi mbuzi jike wa Bitutu, yule mweusi aliyemlea mwenyewe tangu akiwa ananyonyeshwa kwa chupa. Nikafikiri ameibwa. Nikapiga kelele mpaka barabarani.

Kumbe Bitutu alimpeleka kwa dada alfajiri, awe wa kulipia deni la kikundi. Hakuniuliza. Alirudi na kamba tupu mkononi, akaiangika msumarini, akapuliza moto. Nikamwambia umefanya vyema. Akasema anajua.

Ningetamani jambo hilo kulifikiria mimi. Natafuta moyoni kwangu sababu ya kutolifikiria, naona nilikuwa nimeshughulika na kujihurumia.

Nilikwenda kwa dada. Alikuwa anamkatia yule mbuzi majani ya matembele, anamsemesha. Nikamwambia kuanzia leo dawa ya mifugo sitaigusa, kwake wala kwa mtu yeyote, na Mungu ananisikia. Akasema vizuri. Akaniuliza nimekula. Nikasema hapana. Akanipakulia ugali na mboga, na yeye akala kutoka sahani hiyohiyo, kama zamani. Sijawahi kumkosea mtu namna hii akanipakulia.

Kama kuna chochote duniani nitakachofanya sasa, ni kumfanyia dada yangu jambo jema. Kimyakimya. Bila makofi.

Alhamisi, 22 Mei

Jua leo! Jua la kweli, baada ya mvua yote ile.

Nilipita kwa dada, hakuwepo, amepeleka majani kituoni. Mbuzi mweusi yuko salama, sikumgusa, nilimwamkia tu kwa mbali. Nikawa naondoka. Ndipo nikawaona kuku wake, kando ya lile rundo la majivu nyuma ya jiko.

Maskini kuku wa dada. Wote chini! Wamelala ubavu ndani ya majivu, mabawa yamefunguka, miguu inarusharusha, macho nusu wazi nusu yamefungwa. Mmoja nilimsogelea hata hakujali, alijimwagia majivu mgongoni kama asiyejitambua. Mwingine alitikisika mwili mzima, mara akatulia tuli. Nimesimama pale karibu nilie. Misuli inakaza, misuli inalegea. Milango! Mtu ambaye hajafanya kazi na maprofesa angepita hapo akasema kuku wanaota jua.

Dada hajui. Ameshapoteza Madam, na sasa mayai yake pia? Na Bravin hawezi kujua, yeye kope la kuku atalishushaje?

Niliapa, nakumbuka, nilikuwepo. Lakini niliapa nikiwa na huzuni, na huzuni haikuwa imewaona kuku hawa. Mizani wala utepe sivihitaji, kuku hana pembe za kukata. Nimewanyanyua mmoja mmoja, wakanipigia makelele ya wagonjwa, nikakadiria kwa mkono. Dada akirudi asijue lolote, aone tu wiki ijayo kuku wake wamesimama imara, asijue hata ni nani wa kumshukuru.

Bitutu ameniuliza naenda wapi na viatu vya mjini. Nimemwambia nanyoosha miguu. Nipo barabarani, naandika nikiwa nimesimama. Janat akiniuliza uzito, safari hii namjibu papo hapo.